Mama, Kiatu cha Chini Si Kukata Tamaa



Akina mama wa rika langu huniuliza swali moja mara kwa mara, iwe kliniki au nje ya kanisa baada ya ibada. Je, mwanamke aliyevuka miaka 40 anaweza kuvaa viatu vya chini na bado akapendeza? Wengine huuliza kwa utani, lakini ndani ya utani huo mna hofu. Wanaogopa kuambiwa wamezeeka. Wanaogopa kwamba siku watakapoviweka kando viatu vya mchuchumio, watu watanong'ona, "Mama fulani siku hizi amejiachia."

Jibu langu ni ndiyo, anaweza. Ila niseme mapema kwamba si kila kiatu cha chini ni kiatu cha raha. Viko viatu vya chini vinavyoumiza karibu sawa na vile virefu. Kwa hiyo mwezi huu tuutazame kwanza mguu wenyewe, kisha ndipo tuzungumze juu ya kiatu.

MGUU WA MIAKA 45 SI ULE WA MIAKA 20

Kila wayo wako una mifupa 26, nayo imefungwa pamoja kwa kano nyingi. Wakati wa ujauzito, homoni hulegeza kano za mwili ili nyonga ziweze kufunguka. Kano za miguu nazo hulegea, huku uzito ukiongezeka, na ule upinde ulio chini ya wayo hushuka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani walitoa matokeo ya kuwapima wanawake 49, mara ya kwanza mimba ikiwa changa na mara ya pili miezi kama mitano baada ya kujifungua. Wengi wao, kiasi cha 6 hadi 7 katika kila 10, miguu yao ilikuwa imerefuka au kupanuka, mingine kwa milimita 2 na mingine hadi 10. Mabadiliko hayo yalionekana zaidi kwa mimba ya kwanza, na upinde ulioshuka haukurudi kama zamani.

Umri nao unachangia. Chini ya kisigino kuna mto wa mafuta unaopokea kishindo kila tunapokanyaga. Miaka inavyokwenda mto huo hupungua, na mara nyingi wakati huo huo uzito wa mwili unapanda. Hata hivyo wengi wetu bado tunanunua namba ile ile tuliyovaa siku ya harusi. Tukibanwa tunasema kiatu ni kipya, kitazoea. Siku zinapita, na anayezoea si kiatu bali ni mguu, unaoota sugu na kinundu kwenye mfupa wa kidole gumba.

KUHUSU VIATU VIREFU

Sitaki kuwatukana wanaovivaa. Lakini tujue kwamba visigino virefu havikuanzia kwa wanawake. Vilivaliwa na wapanda farasi wa Uajemi ili mguu ushike vizuri kwenye kikuku cha tandiko, na baadaye wanaume wakubwa wa Ulaya wakaviiga. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1715, alijulikana kwa visigino vyake vyekundu. Na waliokuwa vijana hapa kwetu miaka ya 1970 watakumbuka raizoni, jinsi wanaume walivyozivaa pamoja na suruali za bugaluu wakatembea kama wanaokwepa mayai! Mitindo huja na kupita. Anayesema mwanamke hawezi kuwa nadhifu bila kisigino kirefu anazungumzia desturi, na desturi hubadilika.

Kiatu kirefu husukuma uzito mbele, vidole vikabeba kazi isiyokuwa yao. Magoti na kiuno navyo hujipinda ili usianguke. Tena, mwanamke aliyevaa viatu virefu kila siku kwa miaka mingi, ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino pamoja na misuli ya ndama huweza kufupika. Ndiyo maana mwingine akivaa ndala siku moja analalamika kwamba viatu vya chini "vinamuumiza". Huyo asiviache vile virefu kwa siku moja. Ashuke pole pole, kwanza kisigino cha inchi mbili, kisha inchi moja na nusu, mpaka mguu unyooke.

Nchi yetu yenyewe haikuumbiwa mchuchumio. Watu wa Tabora ni watu wa kutembea tangu zamani. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliipita njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kiasi cha kilometa 1,200, na walikuwamo wanawake walioandamana na waume zao wakibeba vyombo vya kupikia na watoto mgongoni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini sisi wa Igunga mpaka leo tunatembea: shambani, kisimani, mnadani, kanisani. Wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga hunata, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Kisigino chembamba kikiingia humo, mama mwenye mtoto mgongoni au ndoo kichwani huanguka vibaya.

LAKINI NDALA NAZO?

Hapa ndipo wengi tunapokosea njia. Mama akishaumwa miguu anavua kiatu kirefu na kuhamia kwenye ndala (sisemi Ndala ya Nzega, nasema hizi za miguuni!) au yeboyebo, au zile simpo zenye soli nyembamba kama karatasi. Ndala ni nzuri kwa bafuni. Kwa kutembea kilometa mbili hazifai, kwani hazikushiki kisigino, na vidole inabidi vijikunje kila hatua ili zisitoke. Soli nyembamba nayo haipunguzi kishindo hata kidogo.

Matokeo yake ni maumivu ya kisigino ambayo wanawake wa kati ya miaka 40 na 60 huyapata sana. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Asubuhi unaposhuka kitandani, hatua za kwanza zinachoma kama umekanyaga msumari, kisha ukitembea kidogo panatulia. Ule utando mgumu unaoshikilia upinde wa wayo ndio uliochoka. Dawa yake kubwa ni uvumilivu: usitembee pekupeku sakafuni, vaa kiatu chenye soli nene kidogo, na kabla ya kushuka kitandani vivute vidole vyako kuelekea kwako mara kumi. Jioni viringisha chupa ya maji baridi chini ya wayo kwa dakika chache. Wengi hupona, ingawa huchukua miezi.

Namfahamu mama mmoja, mwimbaji hodari wa sauti ya pili, aliyeacha kwaya akiwa na miaka 48. Watu walisema amepoa. Wengine walimwombea. Nilipokwenda kumsalimia nyumbani ndipo aliponionyesha miguu yake. Kwaya ilikuwa imepanga sare mpya na viatu vya mchuchumio vya aina moja kwa wote, naye alikuwa hawezi tena kusimama navyo saa mbili. Aliona aibu kusema, akaona ni afadhali asifike. Viongozi walipoelezwa walibadili sare ikawa viatu vyeusi vya chini vilivyofungwa, na kumbe akina mama wengine wanne walikuwa wakiumia kimya kimya. Basi ninyi mnaopanga sare za kwaya, za vikundi na za harusi, kumbukeni kwamba kiatu kinaweza kumtoa mtu katikati yenu bila ninyi kujua.

JINSI YA KUCHAGUA

Hata kama unanunua mtumba mnadani, chukua muda wako.

1. Nenda mchana au jioni. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichokutosha asubuhi kinaweza kukubana saa kumi.

2. Kanyaga karatasi ngumu nyumbani, mtu akuchoree wayo ukiwa umesimama, kisha ikate. Chora miguu yote miwili, kwani mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Nenda na karatasi hiyo dukani na uiingize ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, kiatu hicho si chako, hata kikipendeza namna gani.

3. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

4. Kikunje kiatu. Kinapaswa kupinda pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama chapati, kiache. Kisipopinda kabisa, kiache pia.

5. Kisigino cha sentimeta 2 hadi 3, tena kipana, kinawafaa wengi kuliko soli iliyolala kabisa.

6. Kiwe na mkanda, kamba, au nyuma iliyofunga, ili kiushike mguu. Usiwe wewe unayekishika kiatu.

7. Mtumba ugeuze uone soli. Ikiwa imelika upande mmoja, kiatu hicho kimeshachukua umbo la mwendo wa mwenyewe wa kwanza, nacho kitakupeleka huko huko.

Usimwombe fundi viatu akate kisigino kirefu kikawa kifupi sana. Kiatu kilitengenezwa kwa urefu wake, na ukikikata kupita kiasi pua yake inainuka juu na mwendo wako unaharibika. Lakini fundi anaweza kukuongezea soli nene kwenye simpo nyembamba, au kutanua kiatu cha ngozi kinachobana, kwa bei ndogo kuliko ya kiatu kipya.

NA UPENDEZAJI JE?

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwanamke aliyekunja uso kwa maumivu hapendezi, hata kiatu chake kiwe cha bei gani. Anayetembea wima, bila kuchechemea, huonekana mrefu kuliko alivyo.

Yapo mambo madogo yanayosaidia. Kiatu cha chini kiwe safi na kipakwe rangi, kwani vumbi letu halimfichi mtu. Chenye pua ya mviringo uliochongoka kidogo huonekana cha heshima kuliko kilichokatwa mraba. Rangi nyeusi, kahawia au ile inayokaribia rangi ya ngozi yako itakwenda na kitenge chochote. Makubadhi ya ngozi yenye mkanda wa nyuma hupendeza na gauni refu. Na jambo ambalo wengi husahau: unapokwenda kupimwa gauni kwa fundi cherehani, nenda na kiatu utakachovaa. Gauni lililoshonwa kwa kiatu kirefu litaburuta ukivaa cha chini, kisha utalaumu kiatu bure.

Kama ni harusi na moyo wako unataka kile kirefu, kivae wakati wa ibada na picha, na cha chini kiwe ndani ya mkoba kwa ajili ya ukumbini. Si dhambi kubadilisha.

MWENYE KISUKARI ASOME HAPA MARA MBILI

Kwa mama mwenye kisukari, kiatu si suala la urembo. Kisukari huweza kuua hisia za miguu, akakanyaga msumari asijue, na hupunguza mtiririko wa damu, kidonda kikakataa kupona. Wako waliopoteza mguu mzima kwa kidonda kilichoanza kama lengelenge la kiatu kipya.

Kwa hiyo usitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Kila unapovaa kiatu, ingiza mkono kwanza uhisi kama kuna jiwe au msumari. Kila jioni kagua miguu yako, juu, chini na katikati ya vidole. Kama huoni vizuri, tumia kioo au mwombe mtoto akuangalie. Osha, kausha katikati ya vidole, paka mafuta kwenye magaga lakini si katikati ya vidole. Usikate sugu kwa wembe, wala usiote miguu motoni. Ukiona kidonda, hata kidogo kama punje ya mtama, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Na mama yeyote, mwenye kisukari au asiye nacho, mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, asingoje kubadili viatu. Aende hospitali.

NENO LA MWISHO

Katika nyumba nyingi mama ndiye wa mwisho kununuliwa viatu. Vya shule vya watoto vinatangulia, vya baba vinafuata, naye anabaki na ndala zilizoungwa kwa waya. Kaeni na baba watoto mlipange jambo hili kama mnavyopanga ada. Jozi moja nzuri ya kutembelea ni akiba, kwa sababu mama akilazwa kwa kidonda au mfupa uliovunjika, nyumba nzima inasimama.

Sisi Wakristo tunakumbuka jinsi Bwana alivyowaosha wanafunzi wake miguu. Tumefundishwa kuiheshimu miguu ya wengine. Leo jioni, ukimaliza kazi za jikoni, chukua beseni la maji ya uvuguvugu, keti chini, na uitazame vizuri ya kwako. Kisha tafuta karatasi na kalamu uichore.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia.