Lawama kwa Mtambo

Wako watu wasemao kwamba kutafuta habari katika intaneti si elimu ya kufundishwa; kwamba mtoto akijua kubonyeza herufi amekwisha kujua yote, na lililobaki ni kazi ya mtambo. Siafikiani nao hata kidogo. Watu hao hao ndio wa kwanza kuulaumu mtambo unapowaletea takataka. Lakini aliyekwenda sokoni akasema "nipe kitu" hana haki ya kumgombeza muuzaji.

Chukua neno kanga. Mwanafunzi ataka habari za ndege yule mwenye madoadoa. Huandika neno hilo moja, na mbele yake hutandazwa nguo za kila rangi. (Mombasa tungaliziita leso, lakini mtambo haukuzaliwa Mombasa.) Hapo huvunjika moyo, akasema Kiswahili hakimo katika intaneti. Kosa la nani? Mtambo haukuona fikira zake. Uliona herufi tano. Angaliandika kanga ndege mayai chakula, yaani maneno ambayo mwandishi wa habari za ndege huyo hana budi kuyatumia, angalisaidiwa. Au angaliandika alama ya kutoa mbele ya neno nguo, bila nafasi kati yake, kurasa zenye neno hilo zingaliondolewa. Na atafutaye maneno yaliyofuatana, kama methali aliyosahau mwisho wake, huyafunga katika alama za mtajo. Mambo haya hufundishwa kwa nusu saa. Walimu wangapi wameitoa nusu hiyo?

Lipo kosa kubwa zaidi: kudhani kuwa cha kwanza ndicho cha kweli. Mahali pa juu mara nyingi hununuliwa na wenye matangazo. Mtambo wa Google, uliotokea mwaka 1998, ulipata jina kwa kuupima ukurasa kwa wingi na uzito wa kurasa nyingine zinazouelekezea. Na hiyo ni sifa, si ushahidi. Mwanafunzi aandikaye juu ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na aongeze site:unesco.org. Atajibiwa na shirika lililoitia ngome hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, si na wauza safari.

Naambiwa kwamba mitambo ya sasa huelewa swali refu na kutoa jibu tayari. Hubahatisha vizuri, nakubali. Na ikikosea hukosea kwa sauti ile ile ya uhakika. Apewaye jibu hilo na afungue kurasa zilizotajwa chini yake, azisome. Kama hazikutajwa, arudi kutafuta.