Ndakasi Alimuaga Nani?

Ile picha mnaijua. Ni Septemba 2021, Rumangabo, ndani ya parke ya Virunga. Gorila jike Ndakasi, mgonjwa wa siku nyingi, amelaza kichwa kifuani mwa mlezi wake André Bauma. Tarehe 26 akakata roho mikononi mwake.

Tangu pale kila mtu amekuwa mfasiri. «Alikuwa anasema aksanti.» «Hapana, alikuwa anaaga.» Na wengine hapa kwetu Mavivi: «Mambo ya Wazungu tu hayo! Mnyama wa pori hana shukrani.» Sisi tunakataa zote tatu.

Anayeaga sherti ajue kwamba anakwenda. Nani alimuuliza Ndakasi? Tunaloweza kusema ni hili: mgonjwa alitafuta joto la mwili alioujua. Na aliujuaje? Mwaka 2007 watu wenye bunduki walimuua mama yake. Mtoto wa miezi miwili akakutwa ameng'ang'ania maiti, na usiku ule Bauma akamlaza kifuani. Bauma mwenyewe alisema alimpenda kama mtoto. Hatumpingi, moyo wake anaujua yeye. Lakini anayeona upendo tu katika ile picha, bila kuona risasi, amesoma nusu ya barua.

Mwachano mzuri ni ule wa Oktoba 2024. Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, majike wanne waliolelewa kituo cha GRACE kule Kasugho, walipelekwa Tshiaberimu, mlima wetu wenye jina la mizimu. Wakajiunga na dume la huko, Mwasa. Hawahitaji tena kifua cha mtu. Hiyo haitoi machozi, lakini ndiyo kazi iliyofaulu.

Mtatuuliza: watu wa Beni wanauawa tangu 2014, nanyi mnaandika gorila? Ndiyo. Bunduki iliyomfanya Ndakasi yatima ni ndugu ya zile zinazowafanya watoto wetu yatima. Anayeifuta katika habari ya gorila atazoea kuifuta katika habari yetu pia.

Tena, koo zetu zina wanyama wao wa mwiko. Wazee hawakungoja mnyama awakumbatie ndipo wamheshimu. Walimwacha apite njia yake, ageuke asigeuke, na hawakumdai aksanti.