Kubadili Masharti ya Chama

Katika ajenda ya mkutano mkuu wa chama chochote kuna mstari mmoja ambao wanachama wengi huupita bila kuusoma: “Mabadiliko ya masharti.” Mara nyingi mstari huo huwekwa chini, baada ya hesabu za mwaka na uchaguzi wa wajumbe, saa ambayo nusu ya ukumbi imekwisha ondoka kuwahi usafiri. Waliobaki huinua mikono, mwenyekiti hushukuru, na kazi imekwisha. Leo twapenda kuwaomba wasomaji wetu wautazame mstari huo kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo chama huweza kutoka mikononi mwa wenyewe pasipo mtu kuiba hata senti moja.

Tunanena juu ya vyama ambavyo mtu hujiunga kwa hiari yake: ushirika wa wakulima, chama cha akiba na mikopo kazini, jumuiya ya kuzikana, klabu. Humo hakuna aliyelazimishwa kuingia. Kilichomwingiza mtu ni ahadi, na ahadi hiyo imeandikwa katika masharti.

Kila aliyehudhuria somo la ushirika amesikia habari za Rochdale, mji wa viwanda huko Uingereza. Mwaka 1844 watu 28, wengi wao mafundi na wafumaji wa sufu waliobanwa na mishahara midogo, walikusanya paundi 28, wakiweka peni mbili tu kwa juma kila mtu. Tarehe 21 Desemba wakafungua duka katika kijia kiitwacho Toad Lane, wakauza unga, siagi, sukari, na vitu vichache vingine. Kila mwanachama kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Faida ikagawiwa kwa kadiri ya manunuzi ya mtu. Habari hiyo hupendwa kusimuliwa, nasi hatuna neno nayo.

Ambayo haisimuliwi sana ni habari ya kiwanda chao.

Mnamo 1854 watu wa Rochdale walianzisha chama kingine, cha kusokota na kufuma pamba. Masharti yake yalisema kwamba faida haitakwenda kwa wenye hisa peke yao; fungu lake litakwenda kwa wafanyakazi wa kiwanda, kwa kadiri ya mshahara wa kila mmoja. Hilo ndilo lililokuwa jambo jipya. Kiwanda kikastawi, kikajenga jengo kubwa mahali paitwapo Mitchell Hey. Jengo kubwa lataka fedha nyingi, na fedha nyingi zikaleta wanahisa wapya ambao hawakuwako siku za peni mbili mbili. Hao wapya wakauliza swali ambalo kwao lilikuwa la haki kabisa: kwa nini mfanyakazi, aliyekwisha kulipwa mshahara wake, apewe tena fungu la faida ya fedha zetu? Mwaka 1862 wakapiga kura, wakashinda, na fungu la wafanyakazi likafutwa.

Msomaji atazame vizuri namna jambo lile lilivyotendeka. Polisi hawakuitwa, wala masanduku ya kura hayakujazwa usiku. Wala hatuwezi kusema kwamba mabepari wakubwa ndio waliouteka mkutano, maana wengi wa wanahisa wale walikuwa watu wa kazi vilevile. Lililobadilika ni masilahi ya waliojaa ukumbini. Aliyeingia kwa ajili ya gawio alipiga kura kwa ajili ya gawio, na mfanyakazi aliyesimama kwenye mashine akakuta ahadi aliyopewa imeondolewa kihalali.

Basi je, masharti yasiguswe? La. Chama kinachoogopa kugusa masharti yake hufa kikiwa na katiba safi. Watu wa Rochdale wenyewe waliongeza baadaye kanuni ya kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa elimu, wakapata maktaba. Umoja wa ushirika wa dunia nao ulitaka mwaka 1930 kanuni za Rochdale zichunguzwe. Kamati ikafanya kazi, taarifa ikasomwa mwaka 1934, na uamuzi ukafanywa mwaka 1937. Miaka saba! Hatudai kila klabu ingoje miaka saba, lakini waliofanya hivyo walijua wanashika kitu cha watu wengi.

Nasi tusijidai kuwa wenzetu tu ndio wenye kasoro. Mwezi Mei 1976 Serikali yetu ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambaye KNCU yake ilikuwa imesimama tangu 1933, hakuulizwa. Ilibidi itungwe sheria ya 1982 ili vyama hivyo virudi. Rochdale kura zilipigwa, hapa kwetu hazikupigwa. Katika nchi zote mbili aliyepoteza ni yule ambaye jasho lake ndilo lililokijenga chama.

Twajua kwamba mabadiliko ya masharti ya chama cha ushirika lazima yafike kwa Mrajisi kabla ya kutumika. Ni kinga njema, lakini Mrajisi husoma karatasi. Hawezi kujua nani alikuwa amekwisha ondoka ukumbini. Kazi hiyo ni ya wanachama. Sharti la zamani lichapwe kando ya jipya, kwa Kiswahili ambacho mpalilia shamba atakielewa, wala si kwa lugha ya wakili. Lifike kwenye matawi majuma kadhaa kabla, lisomwe kwa sauti na kujadiliwa. Siku ya mkutano lije la kwanza, ukumbi ukiwa umejaa, na anayelileta aseme wazi nani atapata na nani atapunguziwa. Jambo linalogusa fungu la mwanachama au kura yake lisipite kwa wingi mdogo wa siku moja.

Na kamati itakayokuja na rasimu asubuhi ileile ya mkutano, irudishwe nayo, iilete mkutano ujao.