Kataa Barua Taka Ikiwa Bado Stejini

Makanga wa matatu za 45 anayejua kazi hutaja nauli abiria akiwa bado chini. Asiyekubali hubaki pale Githurai, asubiri gari jingine. Vurugu huanza mtu anapopandishwa kwanza, kisha akashushwa njiani pale Allsops. Seva ya barua pepe nayo ifanye kama makanga huyo. Mimi huangalia seva za barua pepe za ofisi ndogondogo za hapa Githurai 45, na kila nikiketi na wenyewe husikia madai yale yale kuhusu barua taka. Nayajibu hapa moja moja.

1. "Sisi ni wadogo, nani atatutafuta?"

Hakuna anayekutafuta. Programu za watumaji taka hubisha kila mlango wa intaneti usiku na mchana, bila kusoma kibao. Tena seva ndogo ni tamu kwao, kwa kuwa wanaitaka iwatumie wengine taka kwa jina lako. Asubuhi moja nilikuta foleni ya barua elfu kadhaa ambazo ofisi haikuziandika. Karani alikuwa ameweka jina la duka na mwaka kuwa nenosiri. Kufikia adhuhuri anwani ya seva ilikuwa imeingia kwenye orodha za watumaji taka, kama ile ya Spamhaus, ambazo seva nyingi duniani huziangalia kabla ya kupokea barua. Ankara halali za duka zikaanza kukataliwa. Siku hizi kila mtumiaji nimempa kikomo cha barua kwa saa. Anayekipita husimamishwa hata kabla sijaamka.

2. "Jina la bosi liko juu ya barua, basi ni bosi."

Jon Postel alipoandika kanuni za SMTP, yaani za kupelekea barua pepe, mwaka 1982, mtandao ulikuwa wa watu waliofahamiana. Kanuni zile hazikumdai mtumaji kitambulisho. Jina lolote liliandikika. Dawa zilikuja baadaye. SPF hutangaza seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la domeni yako, DKIM huipiga barua muhuri, na DMARC humwambia mpokeaji afanye nini barua ikianguka mitihani hiyo. Tangu Februari 2024, anayepeleka Gmail barua zaidi ya 5,000 kwa siku hudaiwa zote tatu. Lakini muhuri huthibitisha jina, hauthibitishi tabia. Tapeli naye hununua domeni yake akaipigia muhuri safi.

3. "Pokea zote, mbaya uzifute kimyakimya."

Dai hili ndilo lenye hasara kubwa. Aliyeuliza bei ya mabati, barua yake ikafutwa, atadhani umempuuza na kwenda kwa jirani. Wengine husema basi mrudishie mtumaji baadaye. Jina la mtumaji likiwa la kughushi, utamrushia mtu asiyehusika uchafu asioutuma.

Kataa mlangoni, seva ya mtumaji ikiwa ingali kwenye laini. Jibu la 550 ni hapana. Jibu la 451 ni "rudi baadaye": seva halali husubiri ikajaribu tena, ilhali programu nyingi za taka huwa zimeshahamia mlango mwingine. Mbinu hii ya 451 ina gharama yake. Namba ya uthibitisho kutoka benki, ambayo huisha muda baada ya dakika chache, inaweza kufika imekufa. Watumaji wa aina hiyo mimi huwapitisha moja kwa moja.

4. "Zuia neno 'mkopo', mambo yaishe."

Jaribu hilo kwenye Sacco uone wanachama watakavyokujia. Neno moja si ushahidi. Chujio liitwalo SpamAssassin hujumlisha alama za dalili nyingi, na kwa mpangilio wake wa kawaida barua ikifikisha alama 5 huitwa taka. Kasoro yake kwetu ni lugha: kanuni zake nyingi za maneno hulenga Kiingereza. Sehemu yake inayojifunza nayo haianzi kuamua mpaka ionyeshwe barua taka 200 na halali 200. Hizo 400 ziwe za kwenu, zenye Kiswahili, Kikuyu na Sheng.

5. "Taka ni za matapeli, sisi tunatuma ofa tu."

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kutumia data zake kibiashara. Aliyeacha anwani apate risiti hakuomba ofa za kila Ijumaa. Ni kweli sheria hiyo haimshiki kwa urahisi tapeli wa ng'ambo, ila wewe mwenye duka karibu na raundi abauti ya Githurai inakufikia.

6. "Ukikataa mlangoni utafukuza wateja."

Hapa wana haki, kwani hakuna chujio lisilokosea. Ndiyo maana mbele ya ile 550 mimi huandika maneno: "Barua imekataliwa. Kama wewe ni mteja, piga simu," na namba ya ofisi. Fundi mmoja wa milango ya chuma kutoka Ruiru alipiga, akanisomea maneno hayo neno kwa neno. Barua zake zilikuwa zimehamia seva mpya, na rekodi yake ya SPF bado ilitaja ya zamani. Nilimpitisha kwa muda, naye akamtafuta mtu wake airekebishe. Oda yake iliingia siku ile ile.