Biskuti za nyumbani: utamu unaficha chumvi

Msimu huu wa baridi hapa Sekei, Mlima Meru ukiwa umejifunika mawingu tangu asubuhi na watoto wakiwa likizo, nyumba nyingi zinanukia biskuti. Mwenye oveni anatumia oveni; asiye nayo anabandika sufuria kwenye jiko la mkaa na kupanga makaa mengine juu ya mfuniko. Na siku hizi biskuti si unga, sukari na siagi tu. Ndani tunatia vipande vya chokoleti, karanga za chumvi, korosho, zabibu kavu, hata krispi za viazi zilizopondwa. Utamu na chumvi katika tonge moja. Mimi mwenyewe nazipenda, na wanangu ndio usiseme.

Leo naziandikia kwa sababu ya mzee mmoja ninayemtibu presha. Dawa anameza vizuri, lakini vipimo vilikuwa havishuki kama nilivyotarajia. Mkwewe aliyemleta alinihakikishia kwamba chumvi wameipunguza nyumba nzima, hata kichupa cha mezani wamekiondoa. Nikamuuliza mzee chai anakunywa na nini. Akatabasamu: "Na biskuti za wajukuu, mwanangu. Hizo ni tamu, hazina chumvi." Nne asubuhi, tatu jioni.

Sisemi biskuti peke yake ndiyo iliyomzuia kupona. Presha ina mambo mengi. Ninachosema ni kwamba katika nyumba ile kila mtu alihesabu chumvi ya mboga, na hakuna aliyehesabu chumvi iliyojificha ndani ya utamu.

Hebu tuhesabu pamoja. Karanga za chumvi zinayo. Krispi zinayo. Siagi ya kopo mara nyingi inayo tayari. Wewe unaongeza kijiko kidogo kwenye unga kwa sababu maelekezo ya mapishi yamesema hivyo. Hata beking pauda ina sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Ulimi hauoni yote hayo kwa sababu sukari imetangulia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kwa mtoto ni chini ya hapo.

Sukari nayo tuihesabu. Chukua mapishi ya kawaida: sukari gramu 200 na chokoleti gramu 150, ambayo karibu nusu yake huwa ni sukari. Ukitoa biskuti 24, kila moja inabeba gramu 11 hivi, karibu vijiko vitatu vya chai. Mtoto akila mbili amekaribia gramu 25, kiwango ambacho ni vizuri asikivuke kwa siku nzima. Bado hajanywa chai ya sukari wala juisi. Na mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji sukari ya kuongezwa kabisa.

Wazazi wengi huniambia, "Daktari, afadhali hizi, nimezipika mwenyewe." Hapo ndipo ninapotofautiana nao kidogo. Pakiti ya dukani mara nyingi imeandikwa ubavuni kiasi cha sukari na chumvi. Ya nyumbani haijaandikwa chochote. Faida ya kupika nyumbani ni kwamba kijiko unakishika wewe. Usipopima, faida hiyo umeitupa.

Kwa hiyo sikuambii uache. Nakuomba ufanye haya:

Punguza theluthi moja ya sukari kila unapotia chokoleti, zabibu au tende. Biskuti itashikana vilevile, na utamu utatoka kwenye vile vipande.

Nunua karanga na korosho zisizo na chumvi, uzikaange mwenyewe. Usitie chumvi kwenye unga. Ukitaka ile ladha, nyunyizia punje chache juu ya biskuti kabla ya kuoka. Chumvi ya juu ulimi huikuta kwanza, hivyo kidogo hutosha. Krispi ziache.

Chagua karanga moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupe, usimpe hata kuku. Sumukuvu haiondoki kwa joto la oveni. Mwaka 2016 sumu hiyo, iliyokuwa kwenye mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, bisi wala pipi ngumu, hata zikiwa ndani ya biskuti. Humpalia na kuziba njia ya hewa. Zisage ziwe laini, na mtoto ale ameketi, si huku anakimbia. Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa au kulia, mwinamishe kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni katikati ya mabega mara tano kwa kiganja, na mtu mwingine atafute usafiri wa hospitali mara moja. Usichokonoe koo kwa kidole bila kuona kitu chenyewe.

Kabla ya kuwagawia watoto wa jirani, uliza kama kuna mwenye mzio wa karanga.

Mwisho, toa idadi kwenye sahani, usiweke kopo zima mezani. Mbili zinamtosha mtoto, na ale baada ya chakula, halafu apige mswaki kabla ya kulala.

Yule mzee tulikubaliana hivi: dawa zinaendelea kama kawaida, wajukuu wanaendelea kuoka, karanga ni zisizo na chumvi, na yeye anakula moja kwa chai ya asubuhi. Alinung'unika kidogo. Kisha akaniuliza kama hiyo moja inaweza kuwa kubwa. Nikamwambia hapana, baba, na ukubwa nao tunauhesabu.