Filamu za Mabilioni na Watazamaji Wasio na Tiketi

Mapato ya filamu kubwa huhesabiwa mlangoni. Tiketi za siku hujumlishwa kuwa za wikiendi, na hesabu ya wikiendi ndiyo inayotangazwa filamu inapovunja rekodi. Kwa kipimo hicho inaongoza Avatar ya James Cameron, iliyotoka mwaka 2009 na kukusanya takriban dola bilioni 2.9 pamoja na marudio yake, ikifuatwa na Avengers: Endgame ya mwaka 2019 yenye karibu dola bilioni 2.8. Ubora wa kipimo hiki ni kwamba kinashika fedha iliyotoka mfukoni mwa mtu, si sifa za magazetini wala kura za majaji. Upungufu wake ni kwamba hakimwoni mtu ambaye hakupita mlangoni. Daudi, kituo kilichoko wilayani Mbulu, kama ilivyo sehemu kubwa ya wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, haina ukumbi unaokata tiketi za filamu hizo. Mkazi wake anaweza kuitazama Avatar mara tano na asihesabiwe hata mara moja.

Hilo lingekuwa jambo dogo kama nchi inayoizunguka Daudi isingekuwa yenyewe imekwisha kuuza tiketi nyingi ng'ambo. Mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961, mwongozaji Howard Hawks alikuja Tanganyika na kikosi cha kampuni ya Paramount kupiga picha za Hatari!, kisa cha watu wanaokamata wanyamapori ili wauzwe kwenye bustani za wanyama. Steringi alikuwa John Wayne, akiwa na Elsa Martinelli, Hardy Krüger na Red Buttons. Kazi ilifanyika Momella chini ya Mlima Meru, Arusha mjini, Ngorongoro, na kandokando ya Ziwa Manyara, ambalo liko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, mashariki mwa nyanda za Mbulu. Hadithi yake ni nyepesi. Kilichowavuta watu ni zile mbio: waigizaji wenyewe wako juu ya magari, wakiwafukuza vifaru na twiga wa kweli, vumbi likitimka.

Filamu ilitoka mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru, ikaingiza karibu dola milioni 13 nchini Marekani. Bei ya wastani ya tiketi huko ilikuwa bado chini ya dola moja. Ukigawanya, unapata kwamba tiketi zilizokatwa Marekani pekee ziliwazidi watu wote wa Tanganyika, ambao wakati huo walikuwa takriban milioni 10.

Fedha hizo hazikwenda zote kwa Paramount, na hapa ndipo wasomaji wengi wa takwimu za filamu hupotea. Mwenye ukumbi hubaki na fungu lake kwanza. Kinachobaki ndicho kinachomfikia msambazaji. Kwa Hatari! fungu la msambazaji lilikuwa kama dola milioni 7. Mgawanyo hubadilika kulingana na nchi na hata wiki: Marekani, kwa desturi, msambazaji huchukua sehemu kubwa zaidi siku za mwanzo, kisha mwenye ukumbi hupata zaidi kadiri wiki zinavyosonga, ilhali China imekuwa ikiwaachia wenye filamu za kigeni takriban robo tu ya mapato ya tiketi. Baada ya hapo kuna gharama za kutengeneza na za matangazo. Ndiyo maana Cleopatra ya mwaka 1963, yenye Elizabeth Taylor, iliongoza kwa mapato Marekani mwaka ule na bado nusura iifilisi kampuni yake, 20th Century Fox, kwa sababu kuitengeneza kuligharimu zaidi ya dola milioni 30.

Kulinganisha filamu za zamani na za sasa kunaleta tatizo jingine, la thamani ya fedha. The Lion King ya katuni ya mwaka 1994 iliingiza kama dola milioni 313 Marekani na Kanada katika maonyesho yake ya kwanza. Ile ya mwaka 2019, iliyochorwa kwa kompyuta, iliingiza kama dola milioni 543 katika nchi hizohizo, na duniani kote zaidi ya dola bilioni 1.6. Kwa fedha, ya pili imeshinda kwa mbali. Lakini tiketi ya mwaka 1994 ilikuwa dola 4 na senti kidogo, na ya mwaka 2019 ilizidi dola 9. Kwa kugawanya tena, katuni ya kwanza ilikata tiketi karibu milioni 75 na ya pili karibu milioni 60. Iliyoitwa kubwa zaidi ilitazamwa na watu wachache zaidi, walau katika soko hilo. Kwa hoja hiyohiyo, Gone with the Wind ya mwaka 1939 hukadiriwa kuwa imeingiza zaidi ya dola bilioni 3 ikipimwa kwa bei za karne hii, na hakuna filamu ya sasa inayoifikia. Rekodi nyingi zinazotangazwa kila msimu ni rekodi za bei ya tiketi.

Tanzania nayo ilikuwa na milango yake. Zanzibar ilipata ukumbi wa Royal mwaka 1921, uliojengwa na mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla. Baada ya kuungua miaka ya 1950 palijengwa Majestic. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Empress na Odeon, na kuanzia mwaka 1966 hata sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Arusha ilikuwa na Metropole. Kumbi hizi zote zilikuwa za mjini, na kilichozijaza mara nyingi hakikuwa cha Hollywood. Picha za Kihindi ndizo zilizokuwa na watu wake, na Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 ilirudiwa na kurudiwa kwa miaka mingi. Filamu hiyohiyo ilikata zaidi ya tiketi milioni 60 katika Umoja wa Kisovieti, umati ambao haumo katika orodha yoyote ya dola, kwa kuwa haukulipa kwa dola. Orodha za rekodi, kwa hiyo, zilikuwa na mapengo tangu zamani, hata penye tiketi.

Vijijini tiketi haikufika kabisa. Kilichofika kwa baadhi ni sinema ya bure. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa Kiingereza wa sinema ya elimu, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu fupi za kilimo, afya na uwekaji akiba, ukazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na ya Kati. Mtazamaji wa kijijini alifundishwa mapema kuwa picha ni kitu cha kuletewa na serikali, tena chenye somo ndani yake. Mikanda ya video ilipoingia miaka ya 1980, na televisheni ya Bara ilipoanza katikati ya miaka ya 1990, kumbi za mijini zilifungwa moja baada ya nyingine. Nyingi ya zilizopo leo ziko ndani ya maduka makubwa ya miji kama Dar es Salaam na Arusha. Kutoka Daudi hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 150 kupitia Karatu, na nauli ya kwenda na kurudi peke yake huizidi tiketi.

Watu wa vituo kama Daudi hawakukaa bila filamu. Kwanza yalikuja mabanda ya video, yanayoitwa vibanda umiza kwa sababu ya mabenchi na msongamano wake, yakiendeshwa kwa jenereta na baadaye kwa sola. Kisha simu, king'amuzi na flashi, ambapo fundi hurusha muvi kumi kwa bei isiyofikia soda mbili za mjini. Katika mnyororo huu kuna mtu mmoja ambaye takwimu za Hollywood hazimjui: mtafsiri. Marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alijipatia jina nchini kwa kuweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, akiwasemea wahusika wote na kuongeza ufafanuzi wake. Walimfuata wengine wengi. Uganda wana wenzao, na Kenya ina DJ Afro. Kwa mtazamaji ambaye nyumbani husema Kiiraqw au Kidatoga na shuleni amepata Kiswahili, mtafsiri ndiye anayeifanya filamu ieleweke. Kisheria kazi hiyo imefanywa zaidi bila kibali cha wenye filamu. Kibiashara ndiyo kazi pekee ya usambazaji iliyowafikia watu hawa, na kuiita wizi tu bila kuuliza kwa nini hakuna mwingine aliyejaribu ni kuangalia nusu ya jambo.

Serikali kwa upande wake imeichukulia filamu zaidi kama tangazo la utalii. Mfano wa kale ni Serengeti darf nicht sterben ya Bernhard na Michael Grzimek, iliyopata Oscar ya filamu bora ya hali halisi mwaka 1960. Faida yake kubwa ilikuwa michango na jina la hifadhi, si viingilio. Mfano wa karibu ni The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan alimwongoza mwanahabari Peter Greenberg kutembelea vivutio vya nchi, ikazinduliwa Aprili 2022. Watalii wa nje walikuwa 922,692 mwaka 2021, wakafika 1,454,920 mwaka 2022 na 1,808,205 mwaka 2023. Takwimu hizi hutajwa kama ushahidi wa filamu hiyo. Ushahidi huo unahitaji kupunguzwa makali: kabla ya UVIKO-19, mwaka 2019, watalii walikuwa 1,527,230, kwa hiyo mwaka 2022 ulikuwa bado chini ya hapo. Ongezeko la mwaka 2023 ndilo linaloweza kuzungumziwa, na hata hilo lina sababu zaidi ya moja.

Kutokana na mifano hiyo hutolewa hoja kwamba Tanzania ivutie tena filamu kubwa za nje zije kupigwa picha nchini, kama Hawks alivyokuja. Hoja hii imepitwa na teknolojia. Mwaka 1960 asiyekuwa na kifaru wa kweli hakuwa na filamu. Ilibidi aje, akodi magari, madereva, wapishi na wapagazi. Watengenezaji wa The Lion King ya mwaka 2019 walitembelea Kenya kukusanya picha za rejea, kisha wakaitengeneza savana yote kwenye kompyuta. Mwongozaji Jon Favreau alieleza baadaye kuwa ni shoti moja tu ndani yake iliyopigwa kwa kamera mahali halisi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, yaliyowataka wapiga filamu wa kigeni kukabidhi nakala ya picha wanazopiga nchini, yalielekezwa kwa mgeni anayekuja na kamera. Yule asiyehitaji kuja hayamgusi.

Njia yenye manufaa zaidi ni kumhesabu mtazamaji aliyepo. Nigeria inajua kwamba A Tribe Called Judah ya Funke Akindele, iliyotoka Desemba 2023, ilikuwa filamu ya kwanza ya nchi hiyo kuvuka naira bilioni moja ukumbini, kwa sababu kumbi zake hutoa hesabu. Bongo Movie katika miaka ya Steven Kanumba ilipendwa Afrika Mashariki nzima, lakini aghalabu mtengenezaji alimuuzia msambazaji haki zake kwa malipo ya mkupuo, na nakala zilizouzwa baadaye akabaki kuzisikia. Asiye na hesabu hana cha kumwonyesha mwenye benki, wala hajui filamu yake ijayo iwe na bajeti gani.

Misingi ya kuanzia ipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 tayari inataka mahali pa kuonyeshea filamu pawe na leseni, na Bodi ya Filamu ina kamati zake hadi wilayani. Halmashauri hukusanya ushuru wa minada kwa mashine za POS, kwa hiyo kuandikisha viingilio vya banda kwa kifaa hichohicho hakuhitaji mtambo mpya. Zianze filamu za Kitanzania, ambazo wenye haki wako karibu na wanaweza kukubaliana na wenye mabanda kuhusu mgawo. Za kigeni zifuate, pamoja na leseni nafuu kwa watafsiri. Kikwazo ni kiwango cha tozo. Banda la watu thelathini likitozwa kama ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, litafungwa wiki hiyohiyo, na wateja wake watarudi kwa fundi wa flashi, ambaye hana mlango wa kuhesabia.