Kopo la fundi na tarehe 26 Machi

Wiki iliyopita katekista wa kigango chetu cha nyumbani alitutumia ujumbe wa sauti, mrefu kama kawaida yake. Baada ya salamu, habari za mvua na za mgonjwa mmoja tunayemfahamu, alifika kwenye jambo lenyewe. Bandani kwa fundi simu, karibu na kijiwe cha bodaboda, kuna kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko. Vijana hupita na kudumbukiza sarafu za mia mbili, za mia tano, siku nyingine noti ya elfu. Katekista alidhani ni la Kwaresima, akafurahi. Alipouliza, akaambiwa ni la kununulia gemu. "Sasa ninyi mafrateri," alimalizia, "maana nasikia likizo mlikuwa mnashinda pale, waambieni wadogo zenu walivunje hilo kopo, hela waitoe sadaka."

Tuko watatu tunaotoka kigango hicho, wote tunasoma falsafa. Tulimpigia simu, tukamjibu kwa heshima kwamba hatutawaambia hivyo. Alitusikiliza, hakuridhika. Tunaandika hapa kwa sababu tunadhani suala si la kigango kimoja, na pia kwa sababu salio lilikata kabla hatujamaliza.

Gemu lenyewe linaitwa Monster Hunter Rise. Limetengenezwa na Capcom, kampuni ya Japani, kwa ajili ya Nintendo Switch, ile mashine ya gemu ya kushika mkononi, na litatoka duniani kote tarehe 26 Machi mwaka huu wa 2021. Kazi ya mchezaji ni kuwinda madubwana. Mfululizo wa Monster Hunter ulianza mwaka 2004 kwenye PlayStation 2, lakini ulipata umaarufu wake mkubwa Japani ulipohamia kwenye PSP, kifaa kinachoingia mfukoni. Toleo la tarehe 1 Desemba 2010, Monster Hunter Portable 3rd, liliuzwa nakala zaidi ya milioni 4 katika nchi hiyo moja, na kwa PSP halikuwahi kuuzwa nje ya Japani.

Kwa nini liliwashika watu kiasi hicho? Sababu mojawapo ni ya kiufundi tu. PSP iliweza kuunganishwa na PSP nyingine bila waya na bila intaneti, mradi ziwe jirani. Wawindaji wanaweza kuwa wanne, lakini ili muwe wanne lazima mkae mahali pamoja. Kwa hiyo wanafunzi na wafanyakazi wa Japani wakawa wanakutana kwenye migahawa baada ya masomo au kazi, kila mmoja na kifaa chake, vichwa vimeinama, wakionyana kwa sauti. Gemu liliwatoa watu nyumbani. Tunaomba wanaosema magemu huwafungia vijana vyumbani walikumbuke hilo, walau kwa gemu hili.

Fundi wetu alijifunza kwenye PSP kuukuu iliyoletwa atengeneze na mwenyewe hakurudi kuichukua. Ndani yake mlikuwa na Monster Hunter Freedom Unite. PSP ilikuwa na kijiti kimoja tu cha kuongozea, hivyo kidole gumba cha kushoto kilimtembeza mwindaji, na kidole cha shahada cha mkono huohuo ilibidi kipindwe juu ya vitufe ili kugeuza kamera. Wachezaji waliuita mshiko huo ukucha. Mpaka leo fundi hushika hata simu za wateja kwa ukucha, na hatujaacha kumtania. Switch aliletewa na kaka yake anayefanya kazi Muscat.

Mapema Januari Capcom ilitoa toleo la majaribio, la bure, lenye sharti moja: unaruhusiwa kwenda kuwinda mara 30, basi, na mwanzoni mwa Februari linafungwa. Tulikuwa likizo. Sharti hilo ndilo lililotufanya tukashinda bandani.

Mara 30 kwa watu kumi na moja si nyingi. Katika gemu hili mwindaji akizimia mara tatu, mawindo yamekwisha. Fundi akatunga utaratibu: ukizimia, unampa mwenzako mashine. Maana yake kila windo lilikuwa la watu watatu, na wa tatu alibeba makosa ya wawili waliomtangulia. Hakuna aliyekubali kuwa wa tatu kwa furaha. Wengine tulisimama nyuma ya mabega yake tukimwelekeza, kila mmoja lake, mpaka fundi akatunga utaratibu wa pili, kwamba anayetoa ushauri ni mmoja.

Kulikuwa na madubwana mawili ya kuchagua. Great Izuchi ana mkia kama mundu na huja na wenzake. Mizutsune ana sura ya mbweha na mwili wa joka, anateleza juu ya mapovu yake mwenyewe. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa ni kinyume, wewe ndiye unayepaswa kulijua zimwi. Hakuna alama kwenye kioo inayoonyesha limebakiza uhai kiasi gani. Mwindaji hapandi daraja kwa kucheza saa nyingi. Siraha na vazi lake hutokana na mifupa na ngozi za alichokiwinda, na kinachobaki ni macho yake. Linainamisha bega gani kabla ya kuruka? Likizungusha mkia mara moja, litarudia? Kijana mmoja anayeendesha bodaboda, ambaye shule ilimshinda darasa la sita, aligundua kabla yetu sote kwamba Mizutsune hutulia kidogo baada ya kurusha maji. Sisi tuliokuwa tumetoka kusoma Aristotle juu ya chanzo cha maarifa katika milango ya fahamu tulikuwa tunabonyeza vitufe ovyo. Tulimshinda Mizutsune mara moja tu katika mara zote 30, na mwenye mashine saa hiyo alikuwa yule kijana.

Kuna jambo moja lilitusumbua, na hatutalificha. Dubwana likielemewa, linachechemea. Linaondoka taratibu kwenda kwenye makao yake, linalala. Hapo ndipo mwindaji mzoefu humfuata. Mmoja wetu, mashine ikiwa mkononi mwake, alisimama pembeni ya Mizutsune aliyelala akasema hawezi. Vijana walipiga kelele, muda unakwenda. Katika mfululizo huu inawezekana kumnasa mnyama kwa mtego badala ya kumuua, na tangu jioni ile ndugu yetu anasema hiyo ndiyo njia pekee atakayoitumia. Hatukuafikiana. Wawili wetu tunaona ni picha tu kwenye kioo. Yeye anajibu kwamba huruma haiulizi kwanza kama kitu ni picha, na hoja hiyo bado hatujaivunja.

Turudi kwenye kopo. Gemu ni dola 60 za Marekani, karibu shilingi 140,000 zetu. Ni hela nyingi. Zipo nyumba katika kigango chetu ambazo hela hiyo ingezilisha muda mrefu, na katekista anazijua kwa majina kuliko sisi. Hatutaki kumjibu kana kwamba halioni jambo. Analiona. Ila tunadhani amekosea mahali pa kutazama.

Pale pale kijiweni, hatua ishirini kutoka bandani, kuna sehemu ya kubeti. Miaka yote tunayokumbuka, hela ya jioni ya kijana wa bodaboda ilikuwa na njia yake: mafuta, chakula, mkeka. Mkeka unaahidi laki kwa mia tano, na unaahidi leo usiku. Ukichanika, kuna mwingine kesho. Katekista hajawahi kututumia ujumbe kuhusu mikeka, nasi hatujawahi kuandika makala kuhusu mikeka, kwa sababu tumeizoea. Mia tano zinazoingia kwenye kopo ni zile zile. Kijana anapita na hela mkononi, anaitumbukiza mahali ambapo hataiona tena hadi wiki kadhaa zipite, pamoja na hela za wenzake, kwa ajili ya kitu ambacho hata kikija atakishika dakika chache kwa zamu. Hatujui ni lini mara ya mwisho tulifaulu kuwafundisha hivyo kwenye mkutano wa vijana. Wengi wao huwa hawaji.

Kiswahili kimetupa maneno kadhaa ya jambo hili. Unaweza kungoja basi ukiwa umesinzia. Kusubiri kuna subira ndani yake. Kutarajia kuna jicho lililotupwa mbele. Kutumaini ni zaidi, na Mtakatifu Thomas wa Akwino, tunayemsoma muhula huu, anasema kinachotumainiwa lazima kiwe chema, kiwe hakijafika, kiwe kigumu kupatikana na kiwe kinawezekana. Ondoa ugumu, ni kutaka tu. Ondoa uwezekano, ni kukata tamaa. Mkeka umeondoa ugumu. Kopo limeuacha. Hatusemi gemu ni tumaini la Kikristo. Tunamwomba baba mlezi asome sentensi hii mara mbili. Tunasema misuli ya moyo inayotumika ni ile ile, na kijana ambaye hajawahi kuitumia kwa jambo dogo tutamwomba aitumie vipi kwa jambo kubwa?

Thomas huyo huyo, anapotetea michezo, anasimulia habari ya Yohane Mwinjili aliyekutwa akicheza na wanafunzi wake, watu wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde aurushe mshale, tena na tena, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Mfano unamfaa mwindaji. Lakini tusimtumie mtakatifu kama ngao, maana anasema pia mchezo uwe na kiasi, uendane na wakati na mahali.

Na wakati ndio penye tatizo. Tarehe 26 Machi ni Ijumaa. Si Ijumaa ya kawaida, ni Ijumaa ya juma la tano la Kwaresima. Keshokutwa yake ni Jumapili ya Matawi. Capcom haikuangalia kalenda yetu, na haikuwa na wajibu huo. Sisi tunayo. Kwa hiyo ushauri tuliompa fundi, nao ndio msimamo wetu hapa, ni huu: kopo lisivunjwe, na gemu lisichezwe siku linapotoka. Lingojewe hadi Jumatatu ya Pasaka, tarehe 5 Aprili. Ni siku kumi zaidi. Ndugu yetu wa huruma aliona tunawatwisha wengine mzigo tusioubeba, kwa kuwa sisi tutakuwa huku seminarini ambako hakuna Switch, na kungoja kwetu ni hadi likizo ya Juni tupende tusipende. Ana haki. Tuliwaambia vijana hivyo hivyo, kwamba ni rahisi kwetu kusema.

Hadithi ya gemu lenyewe inasaidia kidogo. Wawindaji wanaishi katika kijiji kinachoitwa Kamura. Miaka 50 iliyopita madubwana yalikivamia kwa kundi kubwa, nusura kiangamie. Wakajenga upya, wakawa wanangojea, wanafua silaha na kuimarisha ngome, kwa sababu wanajua yatarudi. Fundi alipotueleza hayo, kijana wa bodaboda aliuliza kama katika miaka hiyo yote 50 hapakuwa na mtu aliyechoka akasema hayarudi tena. Hatukuwa na jibu. Tunafikiri ni swali zuri kuliko mengi tuliyowahi kuulizwa katika semina za darasani.

Hofu yetu iko kwingine. Rise litachezwa pia kwa intaneti, na mtu aweza kuwinda na mgeni wa Osaka au Brazili akiwa kitandani. Ni jambo jema kwa wengi. Lakini kilichowakusanya Wajapani mezani ni udhaifu wa kifaa kile, kwamba hakikuweza kufika mbali. Na kilichotukusanya sisi bandani ni umaskini: mashine moja, mara 30, watu kumi na moja. Siku kila kijana akiwa na yake na kifurushi cha kutosha, je, watakuja? Fundi anasema watakuja kwa sababu ya ubishi. Tunapenda awe sahihi.

Jana alitupigia. Wamekubali tarehe 5 Aprili, baada ya mzozo na kura mbili. Kopo limefika theluthi mbili. Katekista bado hajaridhika, lakini ameomba awepo litakapofunguliwa, ahesabu mwenyewe. Fundi amekubali, kwa sharti kwamba naye adumbukize mia tano.